Dakika Hamsini za Ndege



Mkazi wa Kakamega akiulizwa Nairobi iko mbali kadiri gani kwa ndege, mara nyingi hujibu, "Dakika hamsini tu." Jibu hilo si la uongo, lakini halikukamilika, na kwa sababu hiyo wako wasafiri waliofika uwanjani wakaiona ndege yao ikipaa.

Kwanza, umbali. Toka uwanja wa ndege wa Kisumu hadi ule wa Jomo Kenyatta, Nairobi, ni kilomita 280 hivi kwa mstari ulionyoka, yaani maili 174. Gari hupita kilomita zipatazo 350, kwani barabara huzunguka milima na kukata Bonde la Ufa. Ndege haina mlima wa kuzunguka.

Pili, wakati. Ndege iendayo kilomita 500 kwa saa ingemaliza safari hiyo kwa dakika 34. Mbona basi ratiba husema 45 au 50? Sababu ni kwamba ratiba huanza kuhesabu ndege inapoondoka mahali ilipoegeshwa, wala si inapoacha ardhi, nayo hukoma inapoegeshwa tena. Ndani yake mna mwendo wa ardhini, kupanda, kupunguza mwendo kabla ya kutua, na pengine kungojea zamu angani. Upepo wa mbele nao huchelewesha.

Tatu, ramani yaweza kumdanganya mtu. Kwa mstari, Kakamega iko kilomita 40 hivi toka uwanja wa Kisumu, na 55 hivi toka ule wa Eldoret, uliofunguliwa mwaka 1997. Tofauti yaonekana ndogo. Lakini upande wa Eldoret umesimama ukingo wa Nandi, na barabara haina budi kuupanda au kuuzunguka. Kwa hiyo njia hiyo ni ndefu zaidi kuliko ile ya Kisumu, ishukayo kwa Chavakali, Mbale na Majengo.

Tutwae mfano. Mzee wa Khayega ana miadi na daktari Nairobi saa sita mchana, na ndege yake huondoka Kisumu saa tatu asubuhi. Yampasa awe uwanjani saa mbili. Gari la abiria, lisimamalo kila kituo, litataka saa moja na nusu. Na aongeze nusu saa ya akiba. Basi atoke nyumbani saa kumi na mbili alfajiri. Atatua saa tatu na dakika 50. Kisha kuchukua mizigo na msongamano wa magari humla saa moja na nusu. Atafika kwa daktari saa tano na dakika 20. Safari nzima imechukua zaidi ya saa tano, na ndege katika hizo imechukua dakika 50 tu.

Tangu mwaka 1931, ndege za Imperial Airways kutoka Uingereza zilipoanza kutua Kisumu, mwendo wa angani umeongezeka mno. Mwendo wa gari la abiria haukuongezeka kadiri hiyo. Kwa hiyo msafiri mwenye busara huhesabu toka mlango wa nyumba yake hata mlango wa aendako, wala si toka uwanja hata uwanja. Wahenga walisema akiba haiozi, na akiba ya nusu saa ndiyo iokoayo miadi ya mgonjwa.