Leza kwa Reli Zilizolika: Tuanzie Kwenye Kona



Wilaya ya Kyela haina reli. Hata hivyo, sehemu ya shehena ya Malawi husafiri kwa treni ya TAZARA hadi Mbeya, ikateremshwa kwa malori kupitia Tukuyu mpaka Kasumulu, au bandarini Itungi na Kiwira ivushwe ziwa. Treni ikikwama, malori hubeba mzigo huo tangu Dar es Salaam. Ndiyo maana uzima wa reli ni jambo letu.

TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, Zambia. Kipande kigumu kuliko vyote ni Mlimba hadi Makambako, ambako njia inapanda kutoka bonde la Kilombero kwa kona, madaraja na mahandaki. Gurudumu hugusa reli kwenye eneo linalokaribia ukubwa wa sarafu, na tani kadhaa hukaa hapo. Kwenye kona, ukingo wa gurudumu husugua ubavu wa reli ya nje. Reli ya ndani nayo husagwa na gurudumu linaloteleza. Kwa hiyo reli ya kona huisha mapema, wakati ya sehemu iliyonyooka bado ina miaka mingi.

Leza inafaa hapo. Mwali wake huyeyusha tabaka jembamba la uso wa reli huku unga wa metali, kwa mfano chuma cha pua au aloi ya kobalti, ukipulizwa ndani ya kiyeyuko hicho. Unga huungana na reli yenyewe, tofauti na rangi inayopakwa juu. Unene wa milimita moja hivi watosha. Kulehemu kwa umeme nako hujaza palipolika, ila humwaga joto jingi zaidi na kuathiri chuma cha chini kwa kina kikubwa.

Hatari ipo, na nasisitiza mafundi waisikie. Chuma cha reli kina kaboni nyingi, karibu asilimia 0.7. Kikipoa ghafla baada ya leza, chini ya tabaka hugeuka kigumu lakini chepesi kuvunjika, na ufa huanzia hapo. Lazima reli ipashwe moto kwanza, mara nyingi zaidi ya nyuzi 300 za Selsiasi, ipoe taratibu, kisha ipimwe kwa mawimbi ya sauti. Nyufa za zamani zikatwe zote kabla ya kupaka. Kuzifunika ni kuficha ajali. Tena leza haitibu kokoto zilizojaa tope wala mataruma yaliyooza.

Mwaka 2025 Tanzania na Zambia zilitia saini mkataba wa miaka 30 na kampuni ya CCECC ya China, wa zaidi ya dola bilioni 1, kufufua njia hii. Huu ndio wakati wa kuomba jaribio.

Napendekeza reli za kona zipakwe karakanani, ambako joto linadhibitika, kisha zitandikwe upande wa nje kati ya Mlimba na Makambako. Kwenye kona nyingine yenye mpindo na mzigo uleule zitandikwe reli mpya zisizopakwa. Zote zipimwe kila baada ya miezi mitatu, na vipimo vipelekwe kwa wasafirishaji wa Kyela sawa na wahandisi wa Dar es Salaam.