Siku ya Tatu Mpe Jembe
(Hotuba ya kamati ya akina mama kwa wanachama na viongozi, Bagamoyo)



Katika furaha hii ya Chama chetu Kikuu kutimiza miaka 10, wasemaji waliotutangulia wamesifu korosho, ufuta na mananasi ya Kiwangwa. Sisi tumepewa neno lisilo la shangwe: habari ya mama anayepigwa nyumbani kwake, na namna ya kumsaidia ajitegemee.

Jambo hili si la mbali. Uchunguzi wa afya uliofanywa Tanzania nzima mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika kila wanawake 10 wa miaka 15 hadi 49, wanawake 4 walikwisha kupigwa au kuumizwa mwilini tangu kutimiza miaka 15.

Mara nyingi huwa hivi. Mama hupalilia mikorosho na kuokota korosho, msimu hadi msimu. Mazao yakifika ghalani hupimwa kwa jina la mume, na malipo huenda kwa mume. Siku mama anapokimbia usiku na watoto, hutoka na kanga aliyojifunga. Kwao hupokewa kwa huruma. Lakini wazee walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe atapewa, je, atalima shamba la nani? Akikosa jibu hurudi kule kule alikopigwa, na watu husema amesamehe.

Sheria haikumtupa. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 chasema kwamba mume wala mke hana haki ya kumpiga mwenzake. Na sheria hiyo hiyo yampa mke haki ya kumiliki mali sawa na mume. Mwaka 1983, katika shauri la Bi. Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo yampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume.

Lakini haki iliyo kitabuni tu haimlishi mtoto. Kwa hiyo twawaomba viongozi wa vyama vya msingi mambo matatu. Kwanza, mama anayelima aandikishwe kuwa mwanachama kwa jina lake. Pili, mazao yake yapimwe na kulipwa kwa jina hilo. Tatu, akija kwenu ana majeraha, msimwambie kwamba hayo ni mambo ya nyumbani. Mfikisheni hospitali na kwenye dawati la jinsia na watoto la polisi; kisha semeni na ndugu zake wamgawie shamba, na Halmashauri ya Kijiji imwandikie haki yake.

Akina baba, msidhani twawavunjia nyumba. Kinachovunja nyumba ni ngumi, wala si jina la mke daftarini.

Wakulima waliungana katika ushirika kwa sababu kila mmoja peke yake alionewa na mnunuzi. Tukikataa kuonewa ghalani, tusikubali mwenzetu aonewe nyumbani.