Faida za Uchuaji wa Misuli Michezoni na Katika Tiba, na Hatari ya Kuchua Jeraha Bichi

Mada iliyoandaliwa kwa ajili ya semina ya wachua misuli, walimu wa michezo na viongozi wa timu za shule na madaraja ya chini

1. Utangulizi

Nimeombwa nizungumzie faida za uchuaji wa misuli, ule wa michezo na ule wa tiba. Nitazieleza. Ila mniwie radhi mapema, kwa sababu sehemu kubwa ya muda wangu nitaitumia kwa jambo moja linalogeuza faida zote hizo kuwa hasara. Jambo hilo ni kumchua mchezaji palepale alipoumia.

Nianze kwa kuweka wazi kwamba yaliyomo humu ni maoni yangu ya kitaaluma. Sizungumzi kwa niaba ya mwajiri wangu wala chama chochote cha michezo.

2. Maana

Uchuaji wa michezo ni ule anaofanyiwa mchezaji kabla ya mazoezi au mashindano, katikati yake, au baada yake, ili misuli iwe tayari au ipumzike. Uchuaji tiba hulenga sehemu yenye tatizo: msuli uliokaza, kovu lililoshika, kano lenye maumivu ya muda mrefu. Mbinu zake ni kupapasa kwa viganja, kukanda, kusugua kwa kidole, kupigapiga na kutikisa. Nyingi kati ya hizo zilipangwa Ulaya katika karne ya 19, na hapo hutajwa sana daktari Mholanzi Johan Georg Mezger. Kusugua kano kwa kukatisha nyuzi zake kulienezwa na Dkt. James Cyriax wa hospitali ya St Thomas' jijini London. Nasi Pwani tuna ukandaji wetu, na mzazi hukandwa kwa maji ya moto hadi atoke arobaini. Haya mnayajua, kwa hiyo nasonga mbele.

3. Faida

3.1 Kupunguza maumivu ya siku ya pili. Mwaka 2020 watafiti wa Sheffield, Uingereza, walikusanya tafiti 29 zenye washiriki 1,012. Waliona kwamba uchuaji hupunguza kidogo maumivu ya misuli yanayokuja siku moja au mbili baada ya zoezi zito, na huongeza kidogo unyumbukaji. Hawakupata ushahidi kwamba unaongeza nguvu, kasi, mruko au pumzi. Anayemwahidi kocha kwamba winga atakimbia zaidi kwa sababu amechuliwa, anaahidi asichokuwa nacho.

3.2 Kutuliza uvimbe ndani ya msuli. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walichukua vipande vidogo vya misuli ya vijana 11 waliofanya zoezi la baiskeli hadi kuchoka kabisa. Mguu uliochuliwa ulionyesha dalili ndogo zaidi za uvimbe kuliko ule ambao haukuchuliwa.

3.3 Kutuliza akili. Mchezaji hupumua vizuri, hulala vizuri, na wasiwasi wa mechi hupungua.

3.4 Kugundua tatizo mapema. Faida hii haiandikwi sana. Mkono uliozoea unajua msuli wa jana na wa leo. Unahisi joto lisilo la kawaida, uvimbe mdogo, au mguu mmoja ulionywea. Isitoshe, akiwa amelala kifudifudi, mchezaji humwambia mchua misuli jambo ambalo hatamwambia kocha.

3.5 Kusaidia tiba. Maumivu ya mgongo wa chini na ya shingo hupata nafuu ya muda, hasa uchuaji unapokwenda pamoja na mazoezi ya viungo.

Kuna faida moja inayotajwa kila mahali nayo si kweli, kwamba uchuaji hukamua asidi ya laktiki. Asidi hiyo huondoka yenyewe ndani ya saa moja hivi baada ya zoezi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Queen's, Kanada, mwaka 2010 waliona hata kwamba kuchua mara tu baada ya zoezi kulizuia damu kupita vizuri, na laktiki ikachelewa kuondoka.

Angalieni wakimbiaji wa Iten na Kaptagat, nchini Kenya. Kuchuliwa kumo ndani ya ratiba yao sawa na mazoezi na mapumziko. Mkimbiaji huchuliwa akiwa mzima ili abaki mzima. Kwetu sisi begi la mchua misuli hufunguliwa mtu akishaanguka, na hapo ndipo penye tatizo langu.

4. Tatizo: kuchua jeraha bichi

4.1 Kinachotokea uwanjani

Tuchukue tukio ambalo kila mmoja humu amewahi kuliona. Dakika ya 30, beki anapigwa goti la paja. Anaanguka. Mchua misuli anaingia mbio, anamimina maji, anapuliza dawa ya baridi, kisha anafungua kopo la dawa ya kuchulia. Anaweka dole gumba katikati ya paja na kulisukuma juu na chini kwa uzito wake wote. Mchezaji anang'ata jezi. Jukwaani watu wanapiga makofi. Beki anasimama, anaruka mara mbili, anaendelea. Mapumziko anachuliwa tena. Usiku anachuliwa na mwenzake chumbani. Asubuhi goti halikunji, na kwa kuwa halikunji, anachuliwa zaidi.

4.2 Kinachotokea ndani ya paja

Pigo lile limeibana nyama ya paja kwenye mfupa. Mishipa midogo imepasuka na damu inavuja ndani. Mwili unaanza kuziba wenyewe. Kuchua hapo ni kubandua kigaga kisichoonekana, kwani damu iliyokuwa inakauka inaanza upya, uvimbe unaongezeka, na nyuzi zilizokuwa zimechanika nusu zinachanika kabisa.

Wengi hupona hivyohivyo, kwa kuchelewa, na ndiyo maana tunadhani tumewaponya. Wachache hupatwa na jambo baya zaidi. Damu iliyobaki ndani ya msuli hugeuka mfupa. Paja linakuwa gumu mahali pamoja, goti linakataa kukunja, na picha ya eksirei ya wiki kadhaa baadaye inaonyesha kipande cheupe ndani ya nyama pasipotakiwa kuwa na mfupa wowote. Kuchua kwa nguvu mapema ni miongoni mwa mambo yanayotajwa kuongeza hatari hiyo. Kijana aliyepaswa kukaa nje wiki mbili anakaa miezi.

Kinachotakiwa ni rahisi kuliko kuchua. Madaktari wa Chuo cha Jeshi la Wanamaji la Marekani walikuwa wakilikunja goti la mwanafunzi aliyepigwa paja hadi nyuzi 120, kisha wakalifunga hivyo kwa saa 24. Paja likivutika, damu inakosa nafasi ya kujaa. Kazi hiyo haihitaji dawa, inahitaji bandeji ya krepu na mtu mwenye msimamo.

4.3 Kifundo cha mguu

Hali ni hiyohiyo kwa kifundo kilichoteguka. Tunakivuta, tunakizungusha, tunasikia "ko", tunasema kimerudi. Hakikuwa kimetoka. Kabla ya kukigusa kwa nia ya tiba, kuna kipimo kilichotokana na utafiti wa Ottawa, Kanada, mwaka 1992. Bonyeza kwa kidole sentimita 6 za mwisho za mfupa, kwenye ukingo wa nyuma, kila upande wa kifundo. Kisha mwambie atembee hatua 4. Akiumia mfupa unapobonyezwa, au akishindwa hatua hizo, apelekwe eksirei. Bonyeza pia mfupa wa nje katikati ya unyayo, unaoelekea kidole kidogo, na ule wa ndani ulio mbele kidogo ya kifundo. Kipimo hiki hakichukui hata dakika moja, lakini ni wachache mno wanaokifanya.

4.4 Kigimbi baada ya safari

Timu zetu husafiri kwa basi zaidi ya kilomita 1,000. Mchezaji akishuka na kigimbi kimoja kimevimba, kina joto na kinauma, asichuliwe. Huenda damu imeganda kwenye mshipa, na bonge hilo likisukumwa linaweza kwenda kwenye mapafu. Huyo ni mgonjwa wa hospitali, siku hiyohiyo.

4.5 Kwa nini tunaendelea

Kwanza, dawa yenyewe. Menthol na pilipili zilizomo huamsha hisia za baridi na joto kwenye ngozi, na hisia hizo hufunika maumivu kwa muda. Jeraha liko palepale. Kilichobadilika ni taarifa inayofika kichwani. Mchezaji anasema "nimepata nafuu", na sisi tunaamini.

Pili, mchezaji mwenyewe hutaka achuliwe, maana akitoka anaweza kukosa posho na namba.

Tatu, benchi. Kocha aliyekwisha kubadilisha wachezaji hataki kusikia neno "atoke". Humuuliza mchua misuli swali moja tu: "Anaendelea?"

Nne, nalo ndilo kubwa, cheo. Katika timu nyingi za ngazi zetu mchua misuli ni mchezaji wa zamani, au ndugu wa kiongozi, mwenye moyo mzuri na asiye na mafunzo. Hana mkataba, hana mamlaka, na akipinga neno la kocha, Jumamosi ijayo begi atabeba mwingine. Simlaumu. Tumempa kopo la dawa bila kumpa haki ya kusema hapana.

4.6 Upande wa taasisi

Hapa nitachagua maneno. Mtaalamu wa tiba ya viungo ana chuo chake na usajili wake. Mganga wa tiba asili na tiba mbadala ana baraza lake, chini ya sheria ya Tanzania ya mwaka 2002. Mchua misuli wa benchi, kwa jinsi tunavyomwona viwanjani, mara nyingi yuko katikati, na kila ofisi humwelekeza kwa nyingine. Mapendekezo kuhusu jambo hili tumeyaandika kwa nyakati mbalimbali na kuyapeleka panapohusika. Majibu yamekuwa ya heshima: yamepokelewa, yatafanyiwa kazi. Natambua ufinyu wa bajeti. Hata hivyo, kumzuia mtu asichue hakuhitaji fungu la bajeti.

5. Mapendekezo

5.1 Saa 72 za mwanzo baada ya pigo, mchaniko au kuteguka, sehemu iliyoumia isichuliwe na mtu yeyote.

5.2 Dawa za kuchulia zenye joto zisitumike kwenye jeraha bichi, wala zisifunikwe kwa bandeji iliyobana.

5.3 Mahali pa dawa hizo pachukuliwe na barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 10 hadi 15 kwa wakati mmoja, kwa ajili ya maumivu, pamoja na bandeji na kuinua mguu. Kisingizio kwamba barafu haipatikani hakisimami. Nje ya kila uwanja yupo anayeuza maji baridi kwenye deli.

5.4 Paja lililopigwa lifungwe goti likiwa limekunjwa, kadiri mchezaji anavyoweza kuvumilia, kwa saa 24.

5.5 Kipimo cha kifundo, cha kubonyeza mfupa na hatua 4, kifundishwe kwa kila mwalimu wa michezo, kuanzia wanaosindikiza timu za mashindano ya shule za msingi (UMITASHUMTA) na sekondari (UMISSETA).

5.6 Kigimbi kimoja kilichovimba baada ya safari kipelekwe hospitali. Kisichuliwe.

5.7 Baada ya saa 72, uchuaji uanze pembeni mwa jeraha na kwa wepesi, uvimbe ukiwa umekoma kuongezeka. Ukiumiza, usimame. Mchezaji kung'ata jezi si dalili ya tiba.

5.8 Kila timu iweke ratiba ya kuwachua wachezaji wazima, hasa baada ya mechi na mazoezi mazito, kwa kuwa faida zilizotajwa sehemu ya 3 hupatikana huko.

5.9 Mchua misuli awe na daftari la jina, sehemu iliyoumia, saa na alichofanya. Lisomwe na mtaalamu wa tiba ya viungo wa hospitali iliyo karibu.

5.10 Vyama vya michezo, kwa kushirikiana na Baraza la Michezo la Taifa, Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya na vyuo vya tiba ya viungo, viandae kozi fupi yenye cheti, na timu isisajili mchua misuli asiye nacho.

5.11 Mchua misuli akisema mchezaji atoke, atoke. Kanuni za mashindano ziandike hivyo, na kocha anayepinga aeleze kwa maandishi.

5.12 Ofisi zinazohusika zikubaliane ni ipi inayomsimamia mchua misuli wa benchi. Pendekezo hili si jipya.

5.13 Narudia la kwanza, kwa kuwa ndilo husahaulika mara semina inapokwisha: saa 72 za mwanzo, sehemu iliyoumia isichuliwe.

6. Hitimisho

Uchuaji wa misuli una faida za kweli, ingawa ni ndogo kuliko tunavyozitangaza, na hupatikana kwa mtu mzima au kwa jeraha lililokwisha kutulia. Hatua nne za mwanzo za mapendekezo haya hazingoji kibali, kozi wala fungu. Kila mmoja anaweza kuanza nazo kwenye mechi ya wikiendi hii, na kwenye semina ijayo tuletewe madaftari tuyajadili.