Kitabu Kizima: Juu ya Kufundishwa Kiingereza, Kidato cha Kwanza Hadi cha Sita

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)

Ndugu Mwenyekiti wa Chama, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu wetu, wanafunzi wenzangu wa zamani, nanyi vijana mliokaa sakafuni huko nyuma kwa kuwa viti tumevichukua sisi wakubwa:

Katibu aliponiandikia barua aliniomba nizungumze juu ya umuhimu wa lugha ya Kiingereza. Nilimwomba radhi nisiuzungumzie umuhimu huo, maana sijakutana bado na mzazi wala mwanafunzi anayeubisha. Nitazungumza juu ya namna kinavyofundishwa, na hasa juu ya jambo moja: kwamba kijana aweza kukaa sekondari miaka minne, akafanya mitihani yote, asiwe amesoma hata kitabu kimoja cha Kiingereza tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Nalisema leo kwa sababu alasiri hii tutapiga kura juu ya fedha za Mfuko wa Chama, na jambo hilo limo katika kura.

Wengi wetu tulitoka katika shule za msingi za Serikali, ambazo tangu mwaka 1967 zimefundisha kwa Kiswahili. Mtoto hufanya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi mwezi Septemba, naye anajua kwa Kiswahili jinsi mvuke unavyogeuka kuwa maji. Januari huingia kidato cha kwanza, akaambiwa mvuke uleule kwa Kiingereza, naye haelewi ni kitu gani kinachozungumzwa. Haikuwa siri hata kidogo. Tume ya Rais iliyoongozwa na Ndugu Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika kufundishia sekondari. Serikali haikulikubali pendekezo hilo. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walipima wanafunzi wetu wakakuta kwamba katika kidato cha nne ni asilimia 10 hivi tu waliofikia kiwango ambacho mtu angetarajia kuanzia masomo kwa Kiingereza. Sikilizeni vizuri: kuanzia, si kumalizia. Baadaye, mwaka 1987, ulianza mradi uliogharimiwa na Uingereza wa kusaidia ufundishaji wa Kiingereza, na shule za sekondari zikapata vitabu vyepesi vya kusoma. Mjadala wa lugha ya kufundishia haujaisha mpaka leo, nami sikuja kuumaliza. Sekondari yetu bado inafundisha kwa Kiingereza. Madhali ni hivyo, tuulize kijana anakipataje.

Mimi naona kwamba hapewi. Hupewa kanuni zake. Kidato cha kwanza huandikiwa ubaoni nyakati za vitenzi, akazinakili. Cha pili huandikiwa tena, akazinakili tena. Atakuambia wakati uliopita timilifu unaundwaje, kisha akitoka nje hawezi kukueleza kwa nini amechelewa namba. Lugha yake mwenyewe hakuipata hivyo. Hakuna mama Mtanzania aliyemfundisha mwanawe ngeli. Mtoto alisikia maneno mara elfu, katika hadithi, ugomvi na maagizo ya kwenda dukani, mpaka yakakaa. Kiingereza hakina dukani pa kumtuma. Mahali pekee ambapo kijana wa kijijini aweza kukutana na neno moja mara nyingi, kila mara likiwa na kazi ya kufanya, ni ndani ya kitabu kirefu chenye kisa.

Wale wa umri wangu watakumbuka *Hawa the Bus Driver* na *Mabala the Farmer*. Vyote viwili viliandikwa na Richard Mabala, mwalimu aliyezaliwa Uingereza akawa raia wa Tanzania. Wapo waliovidharau wakisema ni vya kitoto. Lakini angalieni ufundi wake. Mwanamke anaendesha basi Dar es Salaam. Mtu wa mjini anakwenda kulima kijijini. Mambo yote tunayajua: basi, abiria, jembe, pombe, majirani wenye maneno. Kigeni ni kimoja tu, lugha. Kijana hahitaji kukisia mambo mawili kwa mpigo, kwamba theluji ni nini na neno lake ni lipi.

Mwalimu wetu wa kidato cha pili, ambaye sitamtaja kwa kuwa hapendi kutajwa, alikuwa na nakala 6 kwa darasa la wanafunzi 45. Alifanya hivi: dakika 10 za mwisho za kila kipindi alifunga daftari la kanuni akatusomea kwa sauti. Hakutafsiri kila sentensi. Palipokuwa pagumu alisema neno moja la Kiswahili, akaendelea. Kisa kilipofika pabaya, kengele ililia, naye akafunga kitabu (wengine tuliamini alipanga na mpiga kengele). Zile nakala 6 zilikwenda bwenini kwa zamu, na mwenye zamu alipata marafiki wengi kuliko mwenye sukari. Sidhani kwamba mwaka ule tulijifunza kanuni nyingi zaidi ya madarasa mengine. Tulizoea kuwa Kiingereza kina jambo la kutuambia, basi tukakitegea sikio.

Sasa nije kwenye kibao. Vijana, sijui kama bado mnacho. Katika shule nyingi za nchi hii kijana aliyesikika akisema Kiswahili alivishwa kibao shingoni, akakaa nacho mpaka amkamate mwingine. Waliokitunga walitaka tuseme Kiingereza. Kilichopatikana ni ukimya. Katika foleni ya chakula palikuwa kimya kama msibani, na wale waliokuwa na Kiingereza kidogo ndio walionyamaza kuliko wote, ingawa ndio waliohitaji mazoezi. Na kichekesho chenyewe ni hiki: kidato cha tatu tulikuwa tukisoma *Song of Lawino*. Okot p'Bitek aliutunga kwanza kwa Kiacholi, akautoa kwa Kiingereza mwaka 1966. Ni malalamiko ya mke juu ya mume aliyesoma akaanza kudharau kila kitu cha kwao. Tuliusoma utenzi huo shuleni, na mmoja wetu dawati la nyuma amevaa kibao. Hakuna aliyeuliza swali. Tulikuwa tumeandikiwa ubaoni dhamira tano, na hilo halikuwemo.

Hapo ndipo ufundishaji wetu unapokatika vipande viwili. Kuanzia kidato cha tatu lugha inakwenda upande mmoja na fasihi upande wa pili. Fasihi ya Kiingereza inakuwa somo la wachache wa mkondo wa sanaa. Wenzao wa sayansi hubaki na somo la lugha, ambalo nalo lina swali la vitabu katika mtihani, na ili kulijibu hununua vile vijitabu vya majibu, madesa kama mnavyoyaita. Desa lina muhtasari wa kurasa mbili, dhamira, wahusika, na majibu tayari. Kijana hukariri kwamba katika *Houseboy* ya Ferdinand Oyono kuna ukoloni, usaliti na unafiki wa dini, akaandika hoja tatu zenye mifano sita, akapata alama zake. Kisha mwulize kwa nini Toundi alianza kuandika shajara. Hajui. Alianza kwa sababu padri aliyemlea alikuwa na yake, naye akataka kuwa nayo kama mzungu wake. Katika jambo hilo dogo kuna ukoloni wote unaoandikwa katika desa, tena kuna zaidi, maana kuna mtoto anayempenda mtu na kumwiga. Na msomaji anaambiwa mapema kwamba aliyeandika shajara hiyo amekwisha kufa. Unajua, unasoma, unatamani asirudi katika nyumba ile ya Komandanti. Desa haliwezi kukutia tamaa hiyo.

Oyono aliandika kwa Kifaransa, mwaka 1956. Kiingereza tulichosoma ni tafsiri, sawa na kile cha tamthilia ya Ibsen wanayosoma vidato vya tano na sita, iliyoandikwa Kinorwe mwaka 1882. Nayasema haya kwa wale wanaodhani kwamba kusoma fasihi ya Kiingereza ni kumsujudia Mwingereza. Kwa njia hiyo Mkameruni alitufikia, na Mwacholi, na Mnorwe. Ibsen, kwa kweli, ningemwagiza kila mtumishi wa Serikali amsome: daktari wa mji anagundua kwamba maji ya bafu zinazouletea mji fedha yana sumu ya uchafu, anaandika taarifa, na taarifa inamkuta kaka yake ambaye ndiye meya. Nimekaa maofisini miaka ya kutosha kulijua faili hilo, japokuwa rangi ya jalada hubadilika.

Na kwa kuwa nimetaja ofisi, nitoe mfano mmoja. Shughuli za Serikali yetu huendeshwa kwa Kiswahili, na madokezo yetu ni ya Kiswahili. Lakini mkataba na kampuni ya nje aghalabu huja kwa Kiingereza. Katika ofisi moja, ambayo siitaji, kijana mwenye shahada nzuri alipewa mkataba aufanyie muhtasari. Aliandika kwamba mkandarasi anawajibika kukarabati barabara ya kupitia mitambo. Mkataba ulisema *may*, si *shall*, yaani akipenda. Barabara haikukarabatiwa, na tulipodai tulionyeshwa neno hilo moja lenye herufi tatu. Kijana yule aliwahi kufundishwa vitenzi hivyo, tena nina hakika alipata vyema katika zoezi la kujaza nafasi. Hakuwahi kukutana navyo mahali ambapo mtu hupata au hupoteza kitu kwa sababu yake. Mtu aliyesoma riwaya kumi amekutana navyo mara mia: ameona mhusika akiahidi na mwingine akikwepa kuahidi, naye amejua tofauti yake kabla hajaijua kanuni.

Ipo njia moja ya kupima kama kijana ameelewa, nayo haigharimu kitu. Mpe ukurasa mmoja autie katika Kiswahili. Mwalimu Nyerere aliutafsiri mchezo wa *Julius Caesar* wa Shakespeare ukachapishwa mwaka 1963, akiwa ameshika nchi mkononi; mwaka 1969 ikatoka tafsiri yake ya mchezo mwingine, *Mabepari wa Venisi*. Sidhani alikosa kazi nyingine. *Things Fall Apart* ya Achebe tunayo kama *Shujaa Okonkwo*, kazi ya Clement Ndulute. Kijana akizipata zote mbili, aweke moja kulia na nyingine kushoto, atajifunza lugha mbili kwa mafuta ya taa yaleyale. Naambiwa katika baadhi ya madarasa zoezi kama hilo linahesabiwa kuwa ni kuvunja sheria ya Kiingereza tu. Ndugu Mkuu wa Shule, nakuomba ulitazame.

Sasa niingie kwenye kura. Pendekezo la kwanza ni kuchapa mkusanyo wa mitihani iliyopita, pamoja na majibu, nakala moja kwa kila mwanafunzi wa kidato cha nne. Waliolileta ni rafiki zangu na wana sababu: matokeo yalishuka, na wazazi wanauliza. Sisemi mkusanyo huo hautasaidia. Huenda ukaongeza alama mwaka huu, na mwanafunzi anayefanya mtihani Novemba hana nafasi ya kungoja nadharia zangu. Kwa hiyo nakubali nakala 10 ziwekwe maktaba. Lakini kuutumia Mfuko wote kununua majibu ni kumfikia kijana katika miezi yake ya mwisho hapa, na kumpa kitu atakachokitupa siku ya mtihani wa mwisho.

Mimi napendekeza fedha ziende chini, kidato cha kwanza na cha pili. Tununue seti nne za vitabu vyepesi vyenye visa, kila seti nakala 50, hivi kwamba darasa zima lisome kitabu kimoja kwa wakati mmoja. Mtaala umebadilika na orodha nazo hubadilika. Walimu wachague vitabu, si sisi tunaokumbuka vya kwetu. Tusijenge chumba wala kununua kabati lenye jina la Chama. Vitabu vikae darasani, katika sanduku, na kiongozi wa darasa awe na daftari.

Najua litakalosemwa: vitaibwa. Baadhi vitaibwa. Darasa lina wanafunzi 45 na seti ina nakala 50 kwa sababu hiyohiyo.

Litasemwa pia kwamba walimu wa Kiingereza wana vipindi vingi na hawana dakika 10 za kusoma kwa sauti. Nimezungumza na wawili kati yao jana jioni. Mmoja alisema hana nafasi, na nadhani anasema kweli, maana ana madaftari 180 ya kusahihisha. Wa pili alisema atajaribu akipata vitabu, ila akaomba tusimletee tena mtu wa kuja kukagua. Nimemwahidi hilo kwa niaba yenu bila kuwauliza.

Bei nilizozipata katika maduka mawili ya vitabu nimempa Mweka Hazina, na karatasi yake iko mezani karibu na birika la chai. Wanaotaka kuitazama kabla ya kura waitazame sasa, maana mkutano unaendelea saa nane kamili.