Kuanza Udaktari kwa Kuchelewa



Wengine wenu mmenicheka kwa kuwa nataka kusomea udaktari, nami nina miaka 34. Sikasiriki. Albert Schweitzer alikuwa mwalimu wa chuo huko Strasbourg alipoanza masomo hayo mwaka 1905, umri wake miaka 30. Mwaka 1913 akafika Lambarene, Gaboni, kutibu wagonjwa. Hiyo ni miaka 8. Basi umri si kizuizi changu. Kizuizi ni kemia na fizikia nilizozisahau, na karo ya watoto. Kwa hiyo sitaacha kazi upesi: nitasoma usiku, nitafanya mtihani, nitaweka akiba. Mke wangu amekwisha kukubali. Miaka 8 itapita vile vile, nisome nisisome.