Kidonge cha kolesteroli na hofu ya kisukari

Ndugu msikilizaji wa Bunia, usiache statini, dawa za kolesteroli, kwa kuogopa kisukari. Hatari ipo: uchambuzi wa jarida la Lancet, 2010, ulionyesha kwamba watu 255 wakizimeza miaka 4, mmoja zaidi huugua kisukari. Kwa aliyepatwa na kiharusi au mshtuko wa moyo, kinga inashinda hatari hiyo kwa mbali. Ambaye hajapatwa na hayo ajadiliane na daktari. Utafiti wa Marekani wa 2002, kwa watu waliokaribia kuugua kisukari, uliona kupunguza uzito na kufanya mazoezi kama kutembea haraka dakika 150 kwa wiki kunapunguza hatari ya kuugua kwa asilimia 58. Kupunguza uzito kunategemea pia chakula, lakini aliyekimbia vita katika eneo la Djugu hachagui chakula, tusimlaumu. Sisi tunaochagua tupunguze mawese na soda. Anayemeza statini apimwe sukari.