KUTUNZANA ROHO KATIKA CHAMA
Hotuba iliyosomwa na Mwandishi Msaidizi mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Kamati imetuagiza tuseme maneno machache baada ya kusomwa hesabu za mwaka. Mmekwisha kusikia hesabu ya ada, ya matanga na ya karo za watoto, nanyi mmezikubali. Sasa twaomba ruhusa yenu tutaje hesabu nyingine isiyoandikwa daftarini, nayo ni hesabu ya roho zetu wenyewe.

Hapana budi tuanze kwa kukiri kosa. Mwaka huu jina la mwenzetu mmoja lilifutwa kwa kuwa hakulipa ada miezi sita. Sisi wenyewe ndio tulioandika barua za kumdai. Zilikuwa barua tatu, zote za adabu, zote zikitaja kanuni za Chama, wala haikuwamo hata moja iliyomwuliza, "U hali gani?" Baadaye tulipata habari kwa jirani yake. Mtu yule alikuwa ameachishwa kazi, kisha akafiwa na mtoto. Aliona haya kuja kuomba msaada wa maziko hali anadaiwa, akamzika mtoto wake kwa fedha za kukopa. Tangu hapo akawa akinywa pombe usiku, peke yake chumbani, wala hapakuwa na mtu wa kwao aliyempigia hodi.

Wazee wetu, Chama hiki kiliundwa ili asiwepo mtu wa kuzika peke yake, nacho kilimwacha mtu azike peke yake. Hatukuvunja kanuni hata moja, lakini tulimpoteza ndugu. Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nasi hatukwenda hata kukitazama.

Wakristo wamefahamu tangu zamani kwamba roho ya mtu haitunzwi kwa mahubiri ya Jumapili tu. Yahitaji mwandani, yaani mtu wa kuandamana naye njiani, amsikilize, amwombee na kumwambia kweli kwa upendo. Katika Injili ya Luka twasoma habari za wanafunzi wawili waliokuwa wakienda Emau wenye huzuni. Bwana alipowakuta hakuanza kwa kuwafundisha. Alitembea nao kwanza, akawauliza wanazungumza nini, akawaacha waseme huzuni yao yote. Mafundisho yalifuata baadaye, na mwisho akaingia nyumbani akaketi nao chakulani. Utaratibu huo wa kutembea, kuuliza, kusikiliza, ndipo kunena, ndio msingi wa kazi yote ya kutunza roho. Katika karne ya 4 watawa wa jangwa la Misri nao walifuata desturi kama hiyo: kijana alimfunulia mzee mawazo ya moyo wake, na mzee akampa neno la kumwongoza.

Lakini kisa kitufaacho zaidi sisi wenye chama ni kile cha mji wa Bristol, Uingereza. Mwaka 1742 wafuasi wa John Wesley walikuwa na deni la nyumba yao ya ibada. Walipokutana kushauriana, Kapteni Foy alitoa shauri kwamba kila mtu alipe peni moja kwa juma. Ikasemwa kwamba wako maskini wasioweza hata hiyo. Akajibu kwamba apewe yeye maskini kumi na mmoja, atawazuru kila juma, na asiye na kitu atamlipia yeye. Basi watu wakagawanywa kumi na wawili kumi na wawili, kila kundi na kiongozi wake. Siku zile peni kumi na mbili zilikuwa shilingi moja ya Kiingereza.

Tazameni yaliyofuata. Viongozi walipokwenda nyumba kwa nyumba kukusanya peni, waliona mambo wasiyotumwa kuyatafuta. Mmoja alimkuta mtu akigombana na mkewe, mwingine alimkuta mtu amelewa. Wakamwarifu Wesley, naye akatambua mara moja kwamba hilo ndilo jambo alilokuwa akilihitaji siku nyingi. Kanuni za mwaka 1743 zikaweka wazi kwamba kazi ya kiongozi ni kuonana na kila mtu wake walau mara moja kwa juma, kumwuliza roho yake yaendeleaje, kumshauri, kumwonya na kumfariji, kupokea alichonacho kwa ajili ya maskini, na kumwarifu mchungaji habari za wagonjwa. Viongozi wengi hawakuwa makasisi. Walikuwa watu wa kawaida, na wanawake walikuwamo.

Hivyo ziara iliyoanza kwa deni ikageuka kuwa ulezi wa roho. Sisi tumekwenda kinyume chake. Tulianza kwa kuhurumiana, na twakaribia kuishia katika kudaiana.

Wala mambo haya si mageni katika nchi yetu. Wamisionari wa Kimethodisti walifika Ribe, karibu na Mombasa, mwaka 1862. Tena Uamsho ulioenea katika miaka ya 1930 kutoka Gahini, Rwanda, mpaka Uganda na Kenya, uliwazoeza Wakristo wengi kukutana mara kwa mara, kuungama mbele ya wenzao na kuchukuliana mizigo.

Hata hivyo kazi hii ina hatari zake. Ya kwanza ni ulimi. Mtu aliyefunua moyo wake jioni, akaisikia siri yake sokoni asubuhi, hatafunua tena maisha yake yote. Ya pili ni kiburi, maana mwandani si hakimu wala bwana wa roho ya mwenziwe. Ya tatu ni kujaribu mambo yaliyotuzidi. Mgonjwa apelekwe kwa daktari, na mwenye neno zito la dhamiri apelekwe kwa mchungaji wake. Kadhalika, kijana asijifanye mwalimu wa mzee. Wazee wazuriwe na wazee wenzao, akina mama na akina mama, na asiye Mkristo apelekewe mtu wa imani yake.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, twaleta maombi matatu. La kwanza, kila mkusanya ada asipewe watu zaidi ya kumi na wawili, ili awajue kwa nyuso na si kwa majina tu. La pili, mtu akikosa kulipa miezi miwili, azuriwe nyumbani kabla ya kuandikiwa barua yo yote, na swali la kwanza liwe juu ya hali yake, siyo juu ya ada.

La tatu ni juu ya yule mwenzetu. Tulikwenda kwake sisi na mzee mmoja wa kamati. Mara ya kwanza hakufungua mlango. Mara ya pili alifungua, tukaketi karibu saa nzima, naye hakusema ila jina la mtoto wake. Mzee aliomba sala fupi, tukaondoka. Mara ya tatu tulikuta ametuwekea viti viwili.

Hajalipa ada, wala hatukumdai. Twaomba mkutano huu ulirudishe jina lake daftarini leo, kabla hajalipa. Peni yake ya kwanza tutailipa sisi tulioandika zile barua.

 Mungu akibariki Chama chetu.